Wilaya ya Kentucky na Watu Walioigombania

1. Milima na nchi iliyo nyuma yake

Katika upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini iko safu ndefu ya milima iitwayo Appalachian. Safu hiyo yatoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi kwa mwendo wa zaidi ya maili 1,000, nayo imevikwa misitu. Waingereza waliohamia Amerika tangu mwaka 1607 walikaa kwanza katikati ya milima hiyo na bahari. Huko walijenga miji, wakalima tumbaku na nafaka, na kwa muda wa miaka 150 hivi milima ile ilikuwa kwao kama ukuta wa nyuma ya nyumba. Wachache tu waliujua upande wa pili.

Upande huo wa pili ndiko iliko nchi ya Kentucky. Udongo wake una rutuba, na karibu mito yake yote huteremka kwenda mto Ohio, ulio mpaka wake upande wa kaskazini. Zamani zile nchi ilijaa nyati, kulungu, dubu, na bata mzinga wa mwituni. Tena palikuwa na chemchemi nyingi za maji ya chumvi, na wanyama walizoea kwenda kulamba udongo wa kandokando yake. Nyati walikwenda makundi kwa makundi, hata kwato zao zikafanya njia pana msituni. Njia hizo za wanyama ndizo zilizokuwa baadaye njia za watu.

Ni kosa kudhani kwamba nchi hiyo ilikuwa haina wenyewe. Washawnee, kabila moja la wenyeji wa Amerika, walikuwa na mji Kentucky kwenyewe, jina lake Eskippakithiki, mpaka miaka ya 1750. Hata walipouacha mji huo na kukaa kaskazini ya mto Ohio, waliendelea kuvuka mto ili kuwinda. Wacherokee, waliokaa milimani upande wa kusini, nao waliwinda huko. Nyama ilikuwa chakula chao, na ngozi za kulungu ndizo walizowapa wafanya biashara ili wapate nguo, visu, bunduki na baruti. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na mahali pa kuwinda alikuwa sawa na mkulima asiye na shamba. Nchi ikitumiwa na wengi bila kukaliwa na mmoja, si kwamba haina mwenyewe.

2. Nchi iliyotolewa na wasiokuwa wenyewe

Mwaka 1763 Mfalme George III wa Uingereza alitoa amri kwamba watu wake wasikae magharibi ya milima ya Appalachian, maana aliogopa vita na gharama zake. Lakini mfalme alikuwa mbali, na ardhi ilikuwa karibu. Wakulima maskini walitaka mashamba, na matajiri walitaka ardhi nyingi wapate kuiuza tena kwa faida. Amri ile ilivunjwa na wote wawili.

Mwaka 1768, katika boma la Stanwix, wakubwa wa Serikali ya Kiingereza walifanya mapatano na Mataifa ya Iroquois. Watu hao walikaa mbali sana, katika nchi ya New York, lakini walidai kwamba zamani waliyashinda makabila ya mto Ohio. Basi wakapokea fedha na bidhaa, wakatoa nchi iliyo kusini ya mto huo. Washawnee waliokuwa wakiwinda katika nchi hiyo hawakutoa idhini yao, wala hawakuyakubali mapatano hayo.

Mwaka 1774 vita ilizuka baina ya Washawnee na watu wa Virginia. Tarehe 10 Oktoba walipigana kutwa nzima huko Point Pleasant, mahali mto Kanawha unapoingia katika mto Ohio. Mkuu wa Washawnee aliitwa Cornstalk, mtu hodari vitani na mwenye maneno mazuri barazani. Aliposhindwa kuwasukuma adui alirudi nyuma, na baadaye ikambidi aahidi kwamba watu wake hawatawinda tena ng'ambo ya mto. Wengi wa Washawnee walisema kwamba ahadi iliyotolewa mbele ya mtutu wa bunduki haiwafungi.

Mwezi wa Machi mwaka 1775 akatokea mnunuzi mwingine. Huyo alikuwa Richard Henderson, aliyekuwa hakimu katika North Carolina, pamoja na matajiri wenzake. Aliwakusanya Wacherokee mahali paitwapo Sycamore Shoals, akaweka mbele yao bidhaa nyingi, nao wazee wakatia alama zao katika hati ya kumwuzia eka milioni 20 hivi. Mkuu mmoja kijana, Dragging Canoe, alikataa, akaondoka barazani kwa hasira. Inasimuliwa kwamba aliwaonya wanunuzi kuwa nchi ile itakuwa nchi ya damu.

Hivyo nchi moja ilitolewa mara tatu katika miaka saba: mara ya kwanza na watu wa mbali, mara ya pili na walioshindwa vitani, na mara ya tatu na jirani. Kila mnunuzi alikuwa na hati yake mkononi. Lakini hati haikuwaondoa wawindaji msituni.

3. Njia ya mashoka

Mtu aliyeajiriwa na Henderson kufungua njia aliitwa Daniel Boone. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734, na tangu utoto alipenda kuwinda kuliko kulima. Elimu yake ya vitabu ilikuwa ndogo, na maneno aliyaandika kama alivyoyasikia. Lakini katika msitu hakuna alama iliyompita.

Boone alifika Kentucky kwa kuwinda mwaka 1769, akipita katika pengo la milima liitwalo Cumberland. Mwaka huo huo Washawnee walimkamata. Hawakumwua, bali walichukua ngozi zake zote, wakamwambia arudi kwao asije tena, kwa maana wanyama wale ni wao. Boone hakusikia. Mwaka 1773 alijaribu kuhamia huko pamoja na jamaa kadhaa, lakini njiani mwanawe James, mwenye miaka 16, aliuawa, na wenziwe wakarudi nyuma.

Mwezi wa Machi mwaka 1775 Boone aliondoka tena na watu 30 hivi wenye mashoka. Walikata miti midogo, wakafyeka matete, wakaunganisha njia za nyati na njia za wenyeji, hata ikapatikana njia moja ya maili 200 hivi. Haikuwa barabara ya magari. Ilitosha farasi mmoja kumfuata mwenzake. Walakini kwa njia hiyo maelfu ya watu walipita katika miaka iliyofuata.

Kabla hawajafika mwisho, alfajiri ya tarehe 25 Machi walishambuliwa wakiwa wamelala. Waliokufa ni bwana mmoja jina lake Twitty na mtumwa wake, mtu wa asili ya Afrika. Basi miongoni mwa watu wa kwanza kumwaga damu yao kwa ajili ya makao hayo mapya alikuwamo mtu ambaye hakuja kwa hiari yake, wala hakuahidiwa hata eka moja.

Mwanzo wa mwezi wa Aprili Boone na watu wake walifika kwenye mto Kentucky, wakaanza kujenga boma lililoitwa Boonesborough. Boma la namna hiyo lilijengwa kwa magogo. Nyumba zilipangwa kwa safu katika umbo la mraba, na migongo ya nyumba ndiyo ukuta wenyewe. Palipokuwa na nafasi baina ya nyumba na nyumba zilisimamishwa nguzo ndefu zilizochongwa ncha. Katika pembe nne vilijengwa vyumba vya juu vilivyotokeza nje, ili mlinzi aweze kupiga bunduki kando ya ukuta. Mashamba ya mahindi yalikuwa nje, na wakati wa hatari wengine walilima na wengine walishika zamu na bunduki. Mabomba ya maji hayakuwako, wala maduka, wala tabibu.

4. Jinsi wilaya ilivyozaliwa

Henderson alitaka kuifanya Kentucky iwe koloni lake, auze ardhi na kutoza kodi kila mwaka. Lakini walowezi wengine walikuwa wamefika kwa njia zao, hasa katika mji wa Harrodsburg, ambao James Harrod aliuanza mwaka 1774. Hao hawakutaka kumlipa Henderson kitu. Mwezi wa Juni mwaka 1776 walikutana, wakachagua wajumbe wawili waende Virginia kuomba serikali. Mmoja aliitwa John Gabriel Jones, na wa pili George Rogers Clark, kijana mwenye miaka 23.

Wakati huo makoloni ya Amerika yalikuwa yakipigana na Uingereza, na mwezi wa Julai mwaka huo yalitangaza uhuru wao. Clark aliomba ratli 500 za baruti. Wakubwa wa Virginia walikuwa na vita yao, wakamjibu kwamba waweza kuwakopesha watu wa Kentucky baruti hiyo kama marafiki, walakini Clark mwenyewe awe mdhamini na aichukue kwa gharama yake. Clark alikataa. Aliwaambia kwamba nchi isiyostahili kulindwa haistahili kudaiwa, na kama Virginia haiwataki, watu wa Kentucky watatafuta msaada mahali pengine. Maneno hayo yakafanya kazi. Baruti ikatolewa, na mwezi wa Desemba mwaka 1776 baraza la Virginia likapitisha sheria ya kuanzisha Wilaya ya Kentucky, na makao makuu yake yawe Harrodsburg.

Wilaya hiyo moja ilikuwa kubwa karibu kama jimbo lote la Kentucky lilivyo leo, ambalo sasa lina wilaya 120. Kuwa wilaya kulikuwa na maana gani? Maana yake ni kwamba sasa palikuwa na korti ya kukata mashauri, mkuu wa askari wa mgambo, mpimaji wa ardhi, na wajumbe wawili katika baraza la Virginia. Shauri la Henderson likafa. Mwaka 1778 Virginia ilitangua ununuzi wake, ikampa yeye na wenziwe eka 200,000 kwa ajili ya taabu yao.

Lakini baruti ilikuwa bado njiani. Iliteremshwa kwa mashua katika mto Ohio, ikafichwa ukingoni, kwa sababu wenyeji waliifuata. Jones aliuawa siku ya Krismasi mwaka 1776 alipokuwa akienda kuichukua. Mwezi wa Januari mwaka 1777 mizigo ikafika Harrodsburg. Haikukawia kutumika. Mwaka huo mashambulio yalikuwa mengi, hata walowezi wakaviacha vituo vidogo, na katika wilaya nzima yakabaki maboma matatu tu: Harrodsburg, Boonesborough, na boma la Benjamin Logan.

5. Chumvi

Watu wengi hudhani kwamba maboma yale yaliishi kwa risasi peke yake. Kitu kingine kilichotakiwa sana kilikuwa chumvi. Bila chumvi nyama ya nyati au ya kulungu haikuweza kuwekwa akiba, na wakati wa vita kuwinda kila siku kulikuwa hatari. Chumvi ya kununuliwa ilikuwa nyuma ya milima, mwendo wa majuma mengi.

Basi mwezi wa Januari mwaka 1778 Boone aliongoza watu 30 hivi kwenda Blue Licks, mahali penye chemchemi za chumvi, wakichukua masufuria makubwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Walichota maji, wakayachemsha mchana na usiku mpaka yakakauka, wakakwangua chumvi iliyobaki. Magaloni mamia ya maji yalitoa ratli 50 hivi za chumvi, na kuni zilikatwa kwa wingi usiopimika.

Wakati huo Washawnee walikuwa na uchungu mpya. Mwezi wa Novemba mwaka 1777 Cornstalk alikuwa amekwenda kwa amani katika boma la Point Pleasant ili kuwaonya Waamerika. Walimzuia kama mfungwa, kisha askari wa mgambo wakamwua pamoja na mwanawe, ijapokuwa hakuwa na silaha. Mtu aliyetaka amani aliuawa, na waliotaka vita wakapata nguvu. Tena Waingereza waliokuwa Detroit waliwapa silaha, kwa sababu adui wao alikuwa mmoja.

Mwanzo wa mwezi wa Februari Washawnee zaidi ya 100 walimkamata Boone alipokuwa akiwinda peke yake. Mkuu wao aliitwa Blackfish, na mkalimani wao alikuwa Pompey, mtu mweusi aliyekaa miongoni mwao na kuijua lugha yao. Kwa kinywa cha Pompey, Boone alipata habari kwamba jeshi linakwenda kuiangamiza Boonesborough. Ukuta wa boma ulikuwa haujamalizika upande mmoja, na wanaume wengi walikuwa kwenye chumvi. Boone akaona afadhali kuwatoa watu wake kuliko kupoteza wanawake na watoto. Akaahidi kwamba watu wake watajitoa bila kupigana, mradi wasiuawe. Wapiganaji wakapiga kura, na kwa kura chache tu wafungwa wakapona. Chumvi yote ikamwagwa chini.

Wafungwa wengine waliuzwa kwa Waingereza. Wengine walifanywa watoto wa kabila, kama ilivyokuwa desturi ya Washawnee mtu akitaka kujaza mahali pa jamaa aliyekufa. Blackfish alimchukua Boone awe mwanawe, akamwita Sheltowee, maana yake Kobe Mkubwa. Boone alikaa nao miezi minne, akatendewa kwa wema. Lakini mwezi wa Juni aliona wapiganaji wanakusanyika tena kwa safari ya Boonesborough. Akatoroka, akaenda maili 160 kwa siku nne, akafika kwake. Mkewe alikuwa amerudi North Carolina, akidhani ni mjane.

6. Boma lazingirwa

Mwezi wa Septemba mwaka 1778 Blackfish alifika mbele ya Boonesborough na wapiganaji 400 hivi, pamoja na Wafaransa wachache wa Kanada waliotumwa na Waingereza. Ndani ya boma wanaume na vijana walioweza kushika bunduki walikuwa 60 hivi. Blackfish alimwita Boone kwa jina la mwanawe, akamtaka atoe boma. Boone aliomba siku za kufikiri, na katika siku hizo watu wakateka maji na kuingiza ng'ombe. Kisha yakafanywa mazungumzo nje ya lango, lakini kila upande ulikuwa umeficha bunduki zake. Mazungumzo yakaisha kwa kushikana mikono kwa nguvu, na risasi zikaanza kulia.

Vita ya kuzingira iliendelea siku nyingi. Washambuliaji walirusha mienge juu ya mapaa, tena wakachimba shimo kutoka ukingo wa mto ili wapite chini ya ukuta. Walowezi walijua habari ya shimo kwa kuona maji ya mto yamechafuka kwa udongo. Mwisho mvua kubwa ikanyesha, ikazima moto na kuliangusha shimo. Blackfish akaondoa watu wake.

Ndani ya boma walikufa watu wawili. Mmoja wao alikuwa mtumwa mweusi jina lake London. Nje ya boma aliuawa Pompey, yule mkalimani. Watu wawili wa asili ya Afrika walikufa pande mbili za ukuta mmoja, wakipigania nchi ambayo hakuna hata mmoja wao angalipewa.

7. Mtengeneza baruti

Wilaya ilikuwa ikijaa watu upesi, na mwaka 1780 Virginia iliigawa sehemu tatu: Fayette, Jefferson na Lincoln. Hivyo Wilaya ya Kentucky ilidumu kwa muda wa miaka minne tu, lakini vita haikuisha pamoja nayo.

Katika kituo cha James Estill alikaa mtumwa aliyeitwa Monk. Alikuwa fundi wa kutengeneza baruti. Baruti huchanganywa kwa vitu vitatu: shura, kibiriti cha kuchimbwa, na makaa ya miti yaliyosagwa. Monk alijua kupata shura katika pango, kuisafisha na kuichanganya kwa kipimo chake, na kwa ujuzi huo aliyasaidia maboma wakati ambapo mizigo ya Virginia haikufika.

Mwezi wa Machi mwaka 1782 wapiganaji wa kabila la Wyandot walimkamata nje ya kituo. Wanaume wengi walikuwa wametoka, na ndani walibaki hasa wanawake na watoto. Wapiganaji walimwuliza habari za boma, naye akasema kwamba lina walinzi wengi na silaha tele. Wakamsadiki, wakaondoka. Estill na watu wake wakawafuata, na katika vita kali Estill akauawa. Monk alitoroka katikati ya mapigano, akambeba mgongoni mtu mmoja aliyejeruhiwa kwa mwendo wa zaidi ya maili 20. Mwana wa Estill akampa uhuru, naye husemwa kuwa mtumwa wa kwanza kupewa uhuru katika Kentucky. Watumwa wengine waliofyeka msitu ule na kubeba maji ya maboma hawakupewa kitu.

8. Mali bila daftari

Vita ilipopungua, ugomvi wa namna nyingine ukaanza, nao haukuwa wa bunduki bali wa karatasi. Sheria ya Virginia ya mwaka 1779 ilimpa haki ya eka 400 mtu aliyefanya makao Kentucky kabla ya mwaka 1778. Wengine waliweza kununua hati za ruhusa. Lakini hati ya ruhusa haikuwa mwisho. Ilimpasa mtu achague mahali na kuandikisha, kisha apimiwe, kisha vipimo vipelekwe kwa serikali, ndipo apewe hati ya kumiliki. Aliyeruka daraja moja aliweza kupoteza yote.

Tena upimaji wenyewe ulikuwa na kasoro. Serikali haikuipima nchi kwanza na kuigawa kwa mafungu. Kila mtu alichagua umbo alilotaka, na mpimaji, mwenye dira na mnyororo, aliandika mipaka kwa alama za porini: mti fulani, jiwe fulani, kijito fulani. Mti ukianguka au kijito kikihama, mpaka ulipotea. Watu wawili au watatu walidai ardhi ile ile, na mashamba yakalaliana kama makuti juu ya paa. Kwa muda wa miaka mingi korti zilijaa mashauri, na waliofaidika ni wanasheria na matajiri walioweza kungoja.

Wahenga wamesema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo hilo lilimpata Boone mwenyewe. Alidai maelfu ya eka, lakini hakuandikisha sawasawa, na mashauri yakamshinda. Mwaka 1799 alihama akaenda Missouri, iliyokuwa wakati ule chini ya Wahispania. Walimpa ardhi, naye hata huko hakukamilisha hati zake. Nchi ilipopita mikononi mwa Marekani mwaka 1803, akaipoteza pia. Baraza kuu la Marekani lilimrudishia sehemu mwaka 1814, naye akaiuza alipe madeni. Alikufa mwaka 1820. Wilaya moja ya Kentucky yaitwa kwa jina lake, lakini katika nchi aliyofungulia njia hakubaki na shamba.

9. Waliobaki na waliokwenda

Tarehe 1 Juni mwaka 1792 Kentucky ikawa jimbo la 15 la Marekani. Hesabu ya mwaka 1790 ilikuwa imeonyesha watu zaidi ya 73,000, na kati yao zaidi ya 12,000 walikuwa watumwa. Washawnee hawakuhesabiwa, maana walikuwa wamesukumwa ng'ambo. Miji yao kaskazini ya mto ilichomwa moto mara nyingi pamoja na mahindi yake. Mwaka 1795, kwa mapatano ya Greenville, wao na makabila mengine walitoa sehemu kubwa ya nchi ya Ohio, na baadaye wakahamishwa magharibi ya mto Mississippi. Washawnee wapo hata leo, na makabila yao matatu yana makao yake katika jimbo la Oklahoma.

Miongoni mwa walowezi waliopata hasara ya hati alikuwa mkulima mmoja jina lake Thomas Lincoln. Baba yake aliuawa na wenyeji mwaka 1786 alipokuwa akilima shamba lake Kentucky. Thomas alinunua mashamba, lakini hati zake zilikuwa na kasoro, na mwaka 1816 alivuka mto Ohio kwenda Indiana pamoja na mtoto wake mwenye miaka saba. Mtoto huyo, Abraham, aliandika baadaye kwamba walihama kwa sehemu kwa ajili ya utumwa, lakini hasa kwa ajili ya taabu ya hati za ardhi. Mwaka 1861 akawa Rais wa Marekani, na mwaka 1863 alitoa tangazo la kuwaacha huru watumwa katika majimbo yaliyoasi. Kentucky haikuasi, kwa hiyo tangazo hilo halikuifikia, na watumwa wake walipata uhuru wao mwezi wa Desemba mwaka 1865, sheria ya nchi nzima ilipobadilishwa.

Basi hizo ndizo habari za wilaya iliyodumu miaka minne. Wawindaji waliitumia bila hati, wakanyang'anywa; walowezi waliitwaa kwa bunduki, na wengi wao wakanyang'anywa kwa hati; watumwa waliifyeka kwa mikono yao, na hawakuulizwa neno. Aliyeisoma ramani ya Kentucky leo ataona majina ya Boone, Clark, Logan na Estill. Majina ya Pompey na London nayo yamo katika habari zake.

MASWALI

1. Kwa nini Washawnee walisema kwamba Kentucky ni yao, ijapokuwa miji yao ilikuwa ng'ambo ya mto Ohio?
2. Taja mara tatu ambazo nchi ilitolewa, na aliyeitoa kila mara.
3. Chumvi ilipatikanaje, na kwa nini ilitakiwa sana?
4. Kuuawa kwa Cornstalk kulileta matokeo gani?
5. Eleza daraja za kupata hati ya ardhi, na jinsi mashamba yalivyolaliana.
6. Kati ya Boone, Blackfish na Monk, nani alipata alichokitaka? Toa sababu.